UZI: Kipande cha fuvu la slothi wa ardhini, tunajuaje ni yupi hasa?

#1 Mfukuaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za huko nyumbani.

Tangu niseme kwenye uzi mwingine kwamba Jumamosi zangu naishia kwenye karakana ya kusafishia visukuku hapa Florida, nimeulizwa mara tatu kwa ujumbe wa pembeni: mnajuaje kipande hiki cha mfupa ni cha mnyama fulani, wakati hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumwona? Nimeona nijibu hadharani. Sitagusa wanyama wote maana ujuzi huo sina. Nitazungumzia kundi moja ambalo nimelishika kwa mikono hii kwa miaka minne, slothi wa ardhini.

Kwa asiyemjua, slothi ni mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini anayeishi akining'inia mtini, mgongo chini miguu juu, na mwendo wake ni wa taratibu mno. Leo wamebaki wa namna mbili tu, wenye kucha tatu mkononi na wenye kucha mbili, tena wadogo kiasi cha kumbeba kifuani kama mtoto. Ukoo wao wa kale ulikuwa mwingine kabisa. Wengi walitembea ardhini, na mwenye jina kuliko wote, Megatherium wa Amerika Kusini, alifika urefu wa mita 6 hivi na uzito wa kama tani 4, yaani mnyama wa kimo cha tembo mwenye kucha za kutisha. Bara walitoweka yapata miaka 11,000 iliyopita. Kwenye visiwa vya Karibi walisalia hadi yapata miaka 4,400 iliyopita. Afrika hawakufika kamwe.

Mfupa wa kwanza niliokabidhiwa kusafisha ulikuwa kipande cha taya la chini, urefu wa kiganja, chenye meno mawili. Nikalitazama nikasema kwa uhakika: farasi. (Farasi wa kale wapo wengi sana kwenye mito ya huku.) Mzee anayetusimamia hakunibishia. Alinipa kioo cha kukuzia akaniambia, "Nionyeshe enameli."

Sikuipata. Jino la farasi ukilitazama kwa juu utaona mistari myeupe iliyojikunjakunja, migumu kama kioo. Hiyo ndiyo enameli, ile ngozi ya nje inayong'aa hata kwenye meno yetu sisi. Lile jino halikuwa nayo hata chembe. Lilikuwa na duara la nje la rangi ya kahawa, na katikati limebonyea kama kisahani. Mzee akasema, "Sasa farasi ametoka. Endelea." Siku ile nilielewa kwamba kazi hii ni ya kuwatoa mlangoni mmoja mmoja wasiohusika, mpaka abaki mmoja, au wabaki wawili watatu ukubali kuishia hapo.

Meno ndiyo ya kuanza nayo. Slothi hana enameli. Hana meno ya mbele ya kukatia. Jino lake halina mzizi uliojifunga, hukua maisha yote kama kucha. Ndani kuna dentini (kitu kinachojenga jino lenyewe) laini iliyopitiwa na vijia vya mishipa ya damu, kuizunguka kuna dentini ngumu zaidi, na nje kabisa sementi ya jino, ganda lake la nje. Laini ikilika haraka na ngumu ikichelewa, ukingo unabaki umesimama na katikati panazama. Hesabu ya kawaida ni meno matano juu na manne chini kila upande, jumla 18, ingawa koo nyingine zimepoteza baadhi.

Ukishajua ni slothi, umbo la jino linakuambia ni wa ukoo gani. Ukoo wa Megatherium meno yao ni ya mraba, yenye matuta mawili yanayokingama kama matuta ya viazi na bonde katikati, nayo yameshuka ndani sana hata taya kwa chini limefura ili kuyapa nafasi. Ukoo wa Mylodon, slothi mwingine wa kale, meno yana nundunundu, na la mwisho la chini ni refu lililobanwa kiunoni, kama kibuyu au namba 8. Megalonyx, slothi wa kale wa Amerika Kaskazini, jino lake la kwanza limejitenga mbele kama chonge, kisha pengo, ndipo yafuate mengine. Nothrotheriops, mdogo wao wa majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, hana hilo la mfano wa chonge kabisa: ana manne juu na matatu chini, na ubavuni mwa kila jino kuna mfereji.

Taya langu la "farasi" lilikuwa na jino la umbo la nane. Ukoo wa Mylodon.

Nitaendelea na pua, shavu na kisogo. Mwenye swali aulize.

#2 KijanaWaKondoa

Shikamoo kaka. Nimesoma mpaka mwisho. Huku kwetu muhanga wapo, wanachimba usiku hadi wanatuharibia tuta la bwawa. Marehemu babu alikuwa na fuvu la muhanga ghalani. Ninavyokumbuka meno yake hayakuwa na ule weupe wa kung'aa, yalikuwa kama vipande vya mti vilivyokatwa. Je, muhanga ni ndugu wa hao slothi?

#3 Mfukuaji

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali ambalo wanasayansi wakubwa walilijibu vibaya kwa muda mrefu, na sababu yao ilikuwa hiyohiyo uliyoiona ghalani kwa babu.

Muhanga hana enameli. Kila jino lake ni mkusanyiko wa mirija myembamba ya dentini iliyobanwa pamoja, ndiyo maana ulikumbuka mti uliokatwa. Georges Cuvier wa Ufaransa na wenzake waliwaweka muhanga, kakakuona, slothi, na wale kina kakakuona wa Amerika wenye gamba la mifupa kwenye fungu moja la wanyama wenye upungufu wa meno. Leo tunajua muhanga ni wa ukoo wa Afrika ulio karibu zaidi na tembo, pelele na nguva, na kakakuona wetu yuko jirani na wanyama walao nyama. Slothi wana fungu lao, pamoja na walamchwa wa Amerika na hao wenye gamba la mifupa.

Muhanga anaingia kwenye habari hii kwa mlango mwingine pia. Charles Darwin alipokuwa kijana wa miaka 23, tarehe 23 Septemba 1832, alikuta kichwa cha mnyama mkubwa kimezama kwenye mwamba laini pale Punta Alta, karibu na Bahía Blanca, Argentina. Aliandika kwenye shajara yake kwamba ilimchukua karibu saa tatu kukichomoa, na kwa kadiri alivyoweza kuona, alidhani ni wa jamii ya faru. Kwenye safari ileile alipata mifupa ya mnyama mwingine, karibu kiunzi kizima. Richard Owen, mtaalamu wa mifupa wa London, akamwita huyo Scelidotherium. Naye Darwin akaeleza kwamba kwa muundo wa kichwa, kwa mujibu wa Owen, mnyama huyo anamkaribia zaidi muhanga wa Afrika Kusini!

Ukiliona fuvu la Scelidotherium utamsamehe Owen. Ni refu, jembamba, kama bomba, na pua imevutwa mbele. Ukiliweka karibu na la babu yako, kwa mbali yanafanana kweli. Ila ni mfanano wa umbo la pua, hauna udugu ndani yake. Fuvu linaweza kukuambia mnyama alikula nini kabla halijakuambia ni mtoto wa nani, na mtu akichanganya hayo mawili anapotea.

Lile fuvu la babu bado lipo?

#4 KijanaWaKondoa

Sidhani kaka, ghala lilishabomolewa. Nitamuuliza mama mdogo.

#5 BintiMwalimu

Mleta uzi hongera kwa kutuandikia kwa lugha yetu. Nafundisha baiolojia sekondari, na mada ya uainishaji wanafunzi wanaikariri tu bila kuiona. Umeahidi pua na shavu. Tuelezee kwa namna ambayo naweza kuchora ubaoni.

#6 Mfukuaji

Asante mwalimu. Anza na pua kwa kuwachorea wanafunzi mdomo wa faru mweusi na wa faru mweupe. Mweusi ana mdomo mwembamba wenye ncha ya kushika matawi, mweupe ana mdomo mpana wa kufyeka nyasi. Mwaka 2006 watafiti wa Argentina, María Susana Bargo, Néstor Toledo na Sergio Vizcaíno, walitumia mantiki hiyohiyo kwa slothi. Walikagua mfupa wa mbele ya pua na alama za misuli juu yake. Megatherium alionekana mwenye mdomo mwembamba na mdomo wa juu wa kushikia, mchaguaji wa majani. Glossotherium na Lestodon, wa ukoo wa Mylodon, walikuwa na mdomo mpana wa mraba, wa kuzoa chakula kwa wingi. Kwa hiyo ukipata ncha ya pua tu, bila hata jino, bado una la kusema.

Yupo mmoja ambaye pua yake haimfanani mwenzake yeyote, naye ni Mylodon darwinii mwenyewe. Kwa mtu mzima, mfupa wa mbele ya taya la juu umepanda ukakutana na mifupa ya pua ikishuka, ukafunga tao mbele ya tundu la pua, kama mpini wa kikapu. Na juu ana meno manne kila upande badala ya matano, lile la mbele limepotea. Ukiona tao hilo hakuna haja ya kubishana.

Shavu nalo ni tamu kuchora. Wewe na mimi mfupa wa shavu unakwenda moja kwa moja hadi karibu na sikio. Kwa slothi unajigawa: tawi moja linapanda, jingine linaning'inia chini kando ya taya kama ndevu. Kwa slothi wa leo na wengi wa kale mfupa huo haukuungana na upande wa sikio, umeachana nao. Ndiyo sababu mara nyingi tunaupata peke yake matopeni umedondoka, na asiyeujua anautupa akidhani ni kipande cha bega. Megatherium yeye tao lake la shavu limekamilika.

Ni mfanano wa fuvu ndio uliomfikisha Cuvier kwenye jibu mwaka 1796. Mifupa ya Megatherium ilifukuliwa na Manuel Torres kingo za mto Luján, Argentina, mwaka 1787, ikapelekwa Madrid, na Juan Bautista Bru akaisimamisha kiunzi kizima. Cuvier hakuiona kwa macho. Alikuwa Paris na michoro ya Bru tu. Akalinganisha michoro hiyo na mafuvu ya slothi aliyokuwa nayo, akatamka kwamba huyu ni jamaa ya slothi, tena wa ukubwa ambao dunia ya leo haina. Ndiye aliyempa jina la Megatherium americanum. Kiunzi kile kipo Madrid hadi leo. Kila ninapoona mtu anadharau mchoro mzuri, namkumbuka Bru.

#7 Nyundo_na_Tindo

Mimi nina shaka, na naomba nisieleweke vibaya. Mnachukua kipande cha kichwa mnampa mnyama jina la Kilatini la kutisha. Kesho anakuja mwingine anabadilisha. Kuna ushahidi gani kwamba hamkisii?

#8 Mfukuaji

Ndugu, shaka yako ni halali, na historia ya kundi hili inakupa haki. Nitakujibu kwa kisa kimoja kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe ndicho kilichonifunza.

Mwishoni mwa 1833 Darwin alikuwa Uruguay, karibu na Mercedes. Pale alinunua fuvu la mnyama mwingine wa kale, Toxodon, kwa peni 18. Watoto walikuwa wamelifanya shabaha ya mawe hata wakalivunja meno. Kwenye kijito hichohicho kilipatikana kipande cha nyuma ya fuvu la mnyama tofauti. Kisogo tu. Hakuna meno, hakuna pua, hakuna taya.

Owen alikipokea London. Sasa tazama alivyokisoma. Chini ya kisogo cha kila mnyonyeshaji kuna tundu ambamo neva inayoendesha ulimi hupita. Kwenye kipande kile tundu hilo lilikuwa kubwa kupita kawaida, na kulikuwa na shimo la wazi ambapo mfupa unaoshikilia ulimi hujiegemeza. Neva nene ina maana ya misuli mingi. Owen akahitimisha kwamba huyu alikuwa na ulimi mkubwa wenye nguvu, akamwita Glossotherium, mnyama wa ulimi. Kwa jambo hilo hakukisia. Mafuvu kamili yaliyopatikana baadaye yana matundu hayohayo makubwa.

Tatizo likazaliwa kwingine. Katika kazi ileile, iliyochapwa kati ya 1838 na 1840, Owen alipewa pia taya la chini kutoka Punta Alta, lenye meno. Akampa mwenye taya jina la Mylodon darwinii. Unaona mtego? Jina moja limekaa kwenye kisogo kisicho na meno, jingine kwenye taya lisilo na kisogo. Hakuna sehemu hata moja inayopatikana kwa wote wawili. Hakuna mtu duniani angeweza kusema kama ni mnyama mmoja au wawili.

Mwaka 1841 kikapatikana kiunzi karibu kizima jirani na Buenos Aires. Owen akakieleza mwaka 1842 kwa jina la Mylodon robustus. Leo kiunzi hicho tunakiita Glossotherium robustum. Na mwaka 1879 Johannes Reinhardt wa Denmark alipoeleza fuvu lenye lile tao la pua, aliliita Grypotherium, kumbe ndiye Mylodon darwinii wa kweli. Majina matatu yalizungukana kama watu wanaobadilishana kofia, na karne ya 20 yote watu waliendelea kuyapanga. Hata Paramylodon, yule wa Amerika Kaskazini, kwa miongo mingi aliwekwa ndani ya Glossotherium, hadi mafuvu yalipolinganishwa vizuri, moja pana na fupi, jingine refu na jembamba zaidi, ndipo wakatenganishwa.

Kwa hiyo ndiyo, majina yalibadilika. Lakini angalia nini kilibadilika na nini hakikubadilika. Hakuna hata siku moja katika fujo ile yote ambapo mtu makini alirudi kusema ni faru au farasi. Ukoo ulishikwa mapema na haukuachiliwa. Kilichoyumba ni jina la mwisho kabisa, na kiliyumba kwa sababu lilitolewa kwenye kipande kisichoweza kulinganishwa na kingine. Hilo ni kosa la haraka ya kutaja jina. Mfupa wenyewe haukusema uongo.

Kwenye kiunzi kile cha 1841 kuna jambo ninalolipenda mno. Fuvu lake lilikuwa na mivunjiko miwili, mmoja umepona kabisa, mwingine umepona nusu. Owen aliona kwamba fuvu lina kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati vyumba vya hewa. Ukuta wa nje ukivunjika, ubongo unasalimika. Akasema mnyama huyu alikuwa akiangusha miti ili ale majani yake, na mingine ilimwangukia kichwani. Habari ya miti sitaiapia. Lakini mivunjiko ipo, kupona kupo, na vyumba vya hewa vipo. Mnyama alipigwa, akaishi, akapigwa tena.

#9 DaktariWaMiamba

Uzi mzuri. Naomba nisahihishe kidogo ili wasomaji wasibebe kosa. Kwenye #1 umeandika meno matano juu kama hesabu ya kawaida, na kwa Glossotherium ni sahihi. Lakini kwa Paramylodon, ambaye ndiye mtakayemkuta huko Florida, jino la kwanza la juu mara nyingi ni dogo au halipo kabisa. Mtu akihesabu manne akaruka kusema "huyu ni Mylodon darwinii" atakuwa amemhamisha mnyama kutoka Patagonia.

Pia tahadhari ya umri. Mishono ya fuvu, yaani mistari mifupa yake inapoungana, kwa mtoto iko wazi, na tao la pua la Mylodon kwa mnyama mchanga halijafunga. Sehemu ya majina mengi yaliyotolewa karne ya 19, hasa Argentina wakati wa mtaalamu wa visukuku Florentino Ameghino, yalikuja kuonekana ni tofauti za umri, jinsia au mtu mmoja mmoja tu. Kabla ya kutaja spishi, uliza kwanza: mkubwa au mdogo?

#10 Mfukuaji

Daktari, asante sana. Nakiri nililipita hilo haraka, wasomaji wachukue kauli ya daktari. Nami naongeza: mahali mfupa ulipotoka ni nusu ya utambuzi. Kwa Florida ya mwisho wa zama za barafu wa ukoo wa Mylodon ni mmoja, Paramylodon harlani. Eremotherium laurillardi, jitu la ukoo wa Megatherium lililoenea kutoka Brazil hadi huku, naye yupo, na Megalonyx jeffersonii yupo. Orodha hiyo fupi ndiyo inayotupa ujasiri. Ungeniletea kipande kilekile kutoka Argentina, ningekaa kimya zaidi.

#11 Nyundo_na_Tindo

Nimekuelewa mkuu, na nashukuru hukunipuuza. Swali la mwisho. Kwa nini mnang'ang'ania fuvu? Mguu hauwezi kusema?

#12 Mfukuaji

Unaweza, na mara nyingine unasema vizuri. Ila ukiwa nao peke yake ni rahisi kupotea. Tarehe 10 Machi 1797 Thomas Jefferson, siku chache baada ya kuapishwa kuwa makamu wa rais wa Marekani, alikuwa na taarifa mbele ya jumuiya ya wanafalsafa ya Philadelphia kuhusu mifupa kutoka pango la Virginia magharibi. Alikuwa na mifupa ya miguu na kucha kubwa mno. Fuvu hakuwa nalo. Akamwita Megalonyx, kucha kubwa, na kumfikiria mnyama wa namna ya simba, mkubwa kuliko simba mara tatu. Muda mfupi kabla ya kuiwasilisha akaona kwenye jarida habari za kiunzi cha Madrid, akalazimika kuongeza neno mwishoni kwamba huenda ni jamaa wa huyo. Mwaka 1799 daktari Caspar Wistar aliichambua mifupa ileile akaonyesha inafanana na ya slothi. Angekuwa na jino moja tu mkononi, simba asingetajwa. Jino la simba lina enameli!

Nisifiche na upande wa pili. Fuvu nalo limewapotosha watu kuhusu udugu. Kwa miaka mingi slothi wa leo mwenye kucha mbili, kwa meno yake ya mbele yanayofanana na chonge, aliwekwa karibu na Megalonyx. Mwaka 2019 tafiti mbili zilitoka, moja ya protini za kolajeni kwenye mifupa, nyingine ya vinasaba vya kale. Zote zikaonyesha kwamba mwenye kucha mbili ni jamaa wa karibu wa Mylodon, na mwenye kucha tatu ndiye aliye upande wa Megalonyx na Megatherium. Wa Karibi wakawa tawi la peke yao, lililojitenga na slothi wengine wote zamani sana. Maana yake maisha ya kuning'inia mtini yalianza mara mbili, kwa koo mbili tofauti. Nilipoisoma mara ya kwanza niliinuka nikatembea kidogo.

#13 MamaSharifa_Tampa

Kaka Mfukuaji, nimeingia humu kwa ajili yako. Mwanangu anachota visukuku mtoni na wenzake wa shule, kibali anacho, nimekiona. Wiki iliyopita amekuja na kipande cha taya. Ni kizito, cheusi, kirefu kama mkono wangu kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kina jino moja na mashimo matatu yaliyo wazi. Anasema ni la slothi, baba yake anasema ni la ng'ombe. Nyumba imegawanyika.

#14 Mfukuaji

Dada, karibu sana. Vizuri kwamba kibali kipo. Kwa wasiojua, hapa Florida kisukuku cha mnyama mwenye uti wa mgongo kutoka ardhi ya jimbo, na mito ikiwemo, kinahitaji kibali kinachotolewa kupitia jumba la makumbusho ya viumbe asilia la Gainesville. Meno ya papa tu ndiyo huru.

Naomba mnisaidie mambo manne, bila kukisugua wala kukitia gundi:

Litazameni jino kwa juu, kwenye mwanga wa pembeni. Kuna mistari myeupe migumu, au katikati pamebonyea na ukingo wa kahawia?

Lile shimo la nyuma kabisa lina umbo gani? Lichoreni kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi.

Kati ya shimo la kwanza na la pili kuna pengo la kuingia kidole, au yamefuatana?

Na taya kwa chini limenyooka, au limefura kama tumbo?

#15 MamaSharifa_Tampa

Tumekaa mezani wote, hata baba yake. Jino halina nyeupe, katikati pamezama, ukingo kahawia. Shimo la nyuma ndilo refu kuliko yote, katikati limebanwa, Sharifa mdogo amelichora akasema ni namba nane. Hakuna pengo, yamefuatana. Chini limenyooka, halina tumbo.

#16 Mfukuaji

Basi ng'ombe ametoka kwenye swali la kwanza, maana ng'ombe ana enameli iliyojikunja. Pengo halipo, Megalonyx ametoka. Tumbo halipo na jino la matuta mawili halipo, Eremotherium ametoka. Umbo la nane nyuma, mashimo manne kwa jumla ukihesabu lenye jino: huyo ni wa ukoo wa Mylodon, na kwa mahali mlipo namwona Paramylodon harlani. Kwenye kadi ningeandika "inalingana na" kabla ya jina, mpaka mtu wa makumbusho alishike kwa mkono, kwa sababu mimi nimelisikia tu na sijaliona.

Mwambie kijana jambo moja leo kabla hajalala. Aandike kwenye karatasi mto gani, sehemu gani ya mto, kina cha maji, tarehe, na nani alikuwepo, aiweke pamoja na mfupa kwenye mfuko mmoja. Jina la mnyama linaweza kubadilika miaka ijayo. Mahali ulipotoka akipasahau, hakuna atakayeweza kumrudishia.

#17 DaktariWaMiamba

Nakubaliana na utambuzi, na hasa na neno "inalingana na". Naomba picha ya upande wa ndani wa taya, pale linapoungana na mwenzake mbele. Kwa Paramylodon ncha hiyo inapaswa kuwa pana.

#18 MamaSharifa_Tampa

Mbele limevunjika daktari, ncha haipo. Picha nitapiga kesho mchana mwanga ukiwa mzuri. Karatasi ameshaandika, na baba yake ametia sahihi kama shahidi kwa sababu ndiye aliyeendesha mtumbwi. Kaka Mfukuaji, Jumamosi karakana inafunguliwa saa ngapi? Tunakuja wote.

#19 Mfukuaji

Saa nne asubuhi. Mlifunge kwa taulo lenye unyevu kidogo, msiliweke juani. Nitawasubiri mlangoni.